Akiba Si Kiporo: Namna ya Kuchagua Chuo cha Pili

Matokeo ya mtihani wa Leta yanapotangazwa, mji wa Kasongo hauwi na kazi nyingine mchana huo. Waliofaulu humwagiwa poda kichwani mpaka nyusi zinageuka nyeupe, kina mama hupiga vigelegele, na pikipiki hupita zikiwa na watu watatu-watatu huku zikipiga honi. Kesho yake asubuhi poda imekwisha kuoshwa, na swali linabaki uani: sasa utakwenda kusoma wapi, na kwa pesa gani?

Sisi wa kitivo cha lugha swali hili linatuhusu mara mbili. Kwanza, kila mmoja wetu alikwisha kulijibu, vizuri au vibaya. Pili, tukirudi nyumbani wakati wa likizo, sisi ndio tunaoitwa kusaidia. Tangazo la chuo limeandikwa kwa Kifaransa kizito, na mzazi anasema: "Wewe unayesoma lugha, njoo utusomee hii." Likizo ya mwaka 2025 niliitwa hivyo Kabambare, nyumbani kwa mama mdogo, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anamaliza sekondari. Makala haya ni yale niliyomwambia, nikiyapanga vizuri zaidi kuliko nilivyoyasema siku ile, ili nawe ukiitwa kwenu uwe na pa kuanzia.

Neno lenyewe

Mdogo wangu alikuwa amekunja karatasi yenye majina ya vyuo. Juu kabisa aliandika chuo anachokitaka. Chini, kwa herufi ndogo, aliandika: "kama imeshindikana". Baada ya maneno hayo hapakuwa na jina lolote.

Karibu wote tunaandika hivyo. Chuo cha pili tunakifikiria kama kiporo, yaani chakula kilichobaki usiku na kuliwa asubuhi kwa sababu hakuna kingine. Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo ni akiba. Kiporo hubaki chenyewe baada ya watu kushiba. Akiba huwekwa kwa makusudi, kabla watu hawajaanza kula.

Kwetu Kasongo, ambako watu wengi wanaishi kwa kilimo cha mpunga, tofauti hii inaonekana kila mavuno. Mpunga ukishapurwa, mama hachukui masalia ya chini ya gunia kuwa mbegu ya mwaka ujao. Anachagua kwanza punje nzuri, zilizojaa, anazitenga na kuzifunga. Baada ya hapo ndipo watu wanauza na kupika. Methali inasema akiba haiozi, lakini methali hiyo ni ya kweli kwa yule tu aliyechagua vizuri alichokiweka. Ukiweka mpunga mbichi, utaoza.

Kwa hiyo fundisho la kwanza, ambalo mengine yote yanatoka humo, ni hili: chuo cha akiba huchaguliwa kwanza. Tafuta chuo ambacho watu wako wanaweza kukulipia mpaka mwisho, nawe unaweza kukubali kusoma humo bila kuona haya. Kikishapatikana, ota ndoto yako juu yake kwa amani.

Kosa langu

Mimi sikufanya hivyo. Nilipopata diploma yangu nilitaka kwenda Lubumbashi, na sikutaka kusikia jina la mji mwingine. Baba yangu ni mkulima. Mwaka ule alikuwa na magunia 20 ya mchele ya kuuza. Aliniuliza: "Chuo kinataka nini?" Nikamsomea nilichokiona kwenye tangazo, yaani pesa ya kujiandikisha na minervali. Akahesabu kwa magunia, kama anavyohesabu kila kitu: kujiandikisha gunia 1, minervali magunia 10, nauli ya kwenda magunia 6. Jumla 17. Akasema: "Inatosha, na matatu yanabaki." Tukafurahi wote.

Hesabu yenyewe, niliyoijua baada ya kufika, ilikuwa hii: nauli 6, kujiandikisha 1, minervali 10, chumba kwa miezi kumi 8, chakula 12, silabusi na pesa ya kuandikishwa kwa mitihani 4. Jumla 41. Baba alikuwa na 20. Tena sehemu ya minervali ilidaiwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mpunga kukomaa, akalazimika kukopa na kurudisha kwa mchele wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Magunia haya ni ya nyumba yetu na ya mwaka ule. Usiyanakili, pima kwa magunia yenu.

Kabla ya mtihani wa mwisho pesa ilikwisha. Sikufukuzwa na mtu wala sikufeli. Nilikaa tu chumbani siku ambayo wenzangu waliingia ukumbini, kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa. Nilirudi nyumbani kwa gari-moshi la SNCC, lile linalopita Kabalo na Kongolo, na lilikuwa safari ndefu sana ya kufikiri. Mwaka mmoja ulipotea, na magunia 20 pamoja nao. Ndugu yangu anayenifuata alisimama shule ya sekondari mwaka ule ili deni lilipwe. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Kusoma na kusomeshwa

Ninyi mnaosoma sarufi mnajua viambishi vya kauli. Tazameni kitenzi kusoma. Kauli ya kutendesha ni kusomesha, nacho kitenzi hiki kina maana mbili: kufundisha darasani, na kumlipia mtu masomo. Mtu akisema "mjomba ndiye aliyenisomesha", hakuna anayedhani mjomba alishika chaki. Kauli ya kutendwa ni kusomeshwa. Kifaransa hakina neno moja la kawaida linalobeba maana hizo zote mbili. Kiswahili kinalo, kwa sababu kwetu masomo ya mtu mmoja yana watu wengine ndani yake.

Nchi jirani zimeweka chombo cha Serikali katika nafasi hiyo. Kenya ina bodi ya mikopo ya elimu ya juu tangu mwaka 1995. Tanzania ilianzisha yake kwa sheria ya mwaka 2004. Tena Kenya mwombaji hujaza machaguo kadhaa kwa mpangilio katika mfumo mmoja wa taifa, kwa hiyo kufikiria chuo cha pili ni sehemu ya kuomba kwenyewe. Kwetu Kongo kila chuo huandikisha chenyewe, na bodi ya mikopo ya mwanafunzi wa Kasongo au Kabambare ni baba, mama, mjomba na shangazi. Ufadhili upo kwa wachache waliopata alama za juu kabisa nchini, kama ule wa Excellentia, lakini huwezi kuufanya mpango wa nyumba.

Ukilijua hili, namna ya kuuliza inabadilika. Badala ya "nataka kusoma wapi?", uliza "ninaweza kusomeshwa wapi mpaka mwisho?" Swali la pili si la unyonge. Linamtaja mtu ambaye swali la kwanza limemsahau.

Kwa nini mbali kunaonekana bora

Mdogo wangu aliniambia jambo ambalo wengi wanalifikiri bila kulisema: "Yaya, nikisoma hapa karibu, watu watasema nimeshindwa."

Mawazo haya yana historia. Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kikagawanywa katika miji mitatu. Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi, na masomo ya saikolojia na malezi yakawekwa Kisangani. Kijana wa Maniema aliyetaka kusoma lugha katika chuo kikuu hakuwa na njia ila kusafiri. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa, vikatoka vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, lakini bado vyote vilikuwa mbali nasi. Kwa wazazi wetu, basi, kusoma na kusafiri vilikuwa kitu kimoja. Aliyebaki nyumbani kweli alikuwa hakusoma.

Leo mambo si hayo. Maniema ina Chuo Kikuu cha Kindu na Chuo Kikuu cha Kasongo. Tangu mfumo wa LMD uenezwe katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu na krediti 180, iwe umesomea mji mkubwa au mdogo. Sisemi vyuo vyote ni sawa. Maktaba ya Lubumbashi si maktaba ya Kasongo, na mwalimu mwenye uzoefu wa miaka mingi si rahisi kumpata kila mahali. Anayeweza kulipa na aende. Ninachosema ni kwamba mwaka uliokatika Lubumbashi haukupi krediti hata moja, na mwaka uliomalizika karibu na nyumbani unakupa 60.

Mambo manne ya kupima

Chuo kinaweza kuwa rahisi na bado kisifae kuwa akiba. Tulipokaa mkekani Kabambare tulikipima kila chuo kwa mambo manne.

La kwanza ni jumla ya miaka yote, si malipo ya mwanzo. Matangazo ya vyuo hugawanya pesa kwa majina mengi, na mzazi anasikia jina moja tu, "pesa ya masomo". Kazi yako wewe msomaji wa lugha ni kuyafungua majina hayo kwa Kiswahili, moja moja: pesa ya kujaza fomu, pesa ya kujiandikisha, minervali na sehemu zake, pesa ya kuandikishwa kwa kila kipindi cha mitihani, silabusi, kazi za vitendo, kazi ya mwisho na utetezi wake. Halafu ongeza yale ambayo tangazo haliyataji: chumba, chakula, nauli, dawa za malaria. Zidisha kwa miaka mitatu. Nilipofanya hesabu hii kwa chuo cha karibu nikiwa nimepangwa kwa shangazi, nilipata magunia 16 kwa mwaka: nauli 1, kujiandikisha 1, minervali 8, mchango wa chakula 3, silabusi na mitihani 3. Kwa miaka mitatu ni 48, na baba akivuna kama kawaida anauza 60. Hayo 12 yanayobaki ni ya mwaka wa mvua mbaya. Lubumbashi ingekuwa 123. Karatasi moja ya hesabu ingeniokoa.

La pili ni tarehe. Nyumba inaweza kuwa na pesa ya mwaka mzima na bado ishindwe, kwa sababu pesa inakuja na mavuno na chuo kinadai kwa kalenda yake. Uliza kabla: sehemu ya kwanza ni lini, ya pili ni lini, na anayechelewa anafanywaje? Chuo kinachokubali kulipwa kidogo kidogo kinaweza kuwa nafuu kuliko chenye minervali ndogo inayotakiwa yote kwa siku moja.

La tatu ni kutambuliwa. Diploma ya chuo kisichokubaliwa na Wizara ya Elimu ya Juu haikufungulii mlango wa kazi ya Leta wala wa masta. Chuo kama hicho, hata kikiwa karibu na bei yake ikiwa ndogo, ni mpunga mbichi ndani ya gunia. Uliza waliomaliza, si wanaoandikisha: diploma yako umeishika mkononi, au bado una karatasi ya muda? Uliza pia kama somo unalotaka lipo kweli na lina walimu, na kama kitivo kinadai asilimia fulani kwenye diploma au mtihani wa kuingia.

La nne ni barabara, na hili ndilo nililojifunza Kabambare. Watu wa huko wamezoea kutazama mashariki, kwa njia ya Fizi kuelekea Uvira na Bukavu. Karatasi ya mdogo wangu, tulipoijaza, ikawa na vyuo viwili vya Bukavu na kimoja cha Uvira. Yeye akaona amepata machaguo matatu. Baba mdogo, ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, aliitazama akasema: "Vyuo vitatu, barabara moja." Tulinyamaza. Mwezi wa Februari mwaka huohuo Bukavu ilikuwa imetekwa na M23, benki zikafungwa, na wazazi wa pande zetu wenye watoto huko walihangaika namna ya kuwafikishia hata pesa ya chakula. Kama chaguo la kwanza na la akiba vinategemea barabara ileile, au benki ileile, siku njia inapofungwa vyote viwili vinakufa pamoja. Akiba huwekwa katika chungu kingine.

Karatasi ya Kabambare

Mdogo wangu hakufurahi. Alitaka Bukavu tangu utotoni, kwa sababu mwalimu wake wa Kifaransa alisoma huko. Alisema: "Kwa hiyo ndoto yangu niizike?" Mama mdogo akamjibu kabla yangu: "Hakuna aliyesema uizike. Tumesema usitembee bila kitu mkononi." Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huitumia methali hiyo kumzuia kijana asitamani kitu kipya. Lakini haikatazi msala mpya. Inakataza kutupa mkeka wako kabla msala haujafika.

Tukapanga upya. Tulianza chini ya karatasi na kupanda juu. Kwanza akiba: Kasongo, ambako anaweza kukaa kwetu, na hesabu ya miaka mitatu inaingia katika mchele na mawese ya baba yake. Pili, chaguo la kati: Kindu, kama mjomba aliyeko huko atakubali kumpokea. Jibu la mjomba lilitakiwa liwe la mdomo wake mwenyewe, kwa simu, si la kudhani. Juu kabisa tuliandika Bukavu, pamoja na masharti mawili: njia iwe wazi na salama, na pesa ya mwaka mzima iwepo kabla ya kufunga mzigo. Nikamwonyesha pia kwamba akifaulu mwaka wa kwanza Kasongo na kumaliza deni lote, anaweza kuomba kuhamia kwingine akiwa na alama zake. Sharti ni hilo la deni. Mwanafunzi anayedaiwa mara nyingi hapewi karatasi ya alama, na bila karatasi hiyo anaanza upya.

Kuna jambo jingine tulilolisema kwa sauti ndogo. Kaka zake wawili wapo kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya. Wote wawili walianza na mpango wa kutafuta pesa ya mwaka mmoja tu kisha kwenda chuo. Hakuna aliyekwenda. Kijana asiye na chuo cha akiba habaki nyumbani akisubiri mwaka ujao. Shimo linamchukua, au ndoa inamchukua, na aliyechukuliwa ni vigumu kumrudisha darasani. Chuo kidogo cha karibu ndicho kinachosimama kati ya mdogo wangu na hayo.

Zoezi la likizo

Ukirudi nyumbani na kuitwa, chukua karatasi moja na ufanye hivi pamoja na mwenye kusoma na mwenye kusomesha, wote wawili wakiwapo. Andika majina matatu ya vyuo kuanzia chini. Mbele ya kila jina andika jumla ya miaka mitatu, kwa kipimo ambacho nyumba inakijua: magunia, bidoni za mawese, mbuzi, au dola. Andika tarehe za malipo na chini yake tarehe za mavuno. Andika jina la mtu mmoja aliyemaliza huko ambaye umeongea naye. Mwisho chora barabara ya kila chuo, uone kama unachora mstari mmoja mara tatu.

Mimi sasa nasoma Kiswahili katika chuo ambacho zamani nilikiita "kama imeshindikana". Baba hajanidaiwa mwaka huu. Ndugu yangu aliyesimama amerudi shuleni, ingawa darasa lake limemtangulia. Na kabla sijaondoka Kabambare, mdogo wangu aliniletea karatasi yake mpya. Alikuwa ameinakili kwa wino, na jina la Kasongo alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa sawasawa na zile za Bukavu.